Je, Tuikubali Kweli Itokapo kwa Wasiokuwa Wenzetu?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, nilikwenda Nunguni, mji wa soko ulioko juu ya vilima vya Kilungu huko Ukambani, kumzuru jamaa yangu mwenye duka. Alasiri moja mvua ilitufungia dukani, na pamoja nasi alikuwako mzee wa Kikamba, mwalimu aliyestaafu na mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye kusoma sana. Mtoto wa jamaa yangu alikuwa akidurusu juzuu yake kwa sauti nzuri. Alipomaliza, mzee akamsifu, kisha akamwuliza: "Mjukuu wangu, maneno hayo yasemaje?" Mtoto akanyamaza. Akamtazama babake, na babake akanitazama mimi.

Mzee akasema: "Sheikh, usinichukie. Martin Luther aliwapa Wajerumani kitabu chao kwa lugha waliyozungumza majumbani mwao, nasi Wakamba tukapata chetu kwa Kikamba. Nyinyi mwasema Qurani imeletwa kwa watu wote. Mbona mtoto huyu amesimamishwa nje ya mlango?"

Nilighadhibika moyoni, na swali ninaloliweka mbele yenu leo limezaliwa na ghadhabu ile. Je, Muislamu akiambiwa aibu yake na asiyekuwa Muislamu, tena kwa mfano wa makasisi, yampasa aikubali, au airudishe kwa kuwa aliyeisema si mwenzake?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida kwamba kuchukiana na watu kusitupelekee kuacha uadilifu. Na katika hadithi ya Abu Huraira aliyewekwa kulinda zaka, mwizi alimfundisha kusoma Ayatul Kursiyyu kila alalapo. Mtume (S.A.W.) alimjulisha kuwa mwizi yule alikuwa Shetani, naye ni mwongo, walakini kwa neno lile amesema kweli. Ikiwa kweli haikutupwa kwa kutoka kinywani mwa Shetani, itatupwaje kwa kutoka kinywani mwa jirani mwema?

Basi na tuwatazame watu hao kwa insafu. Luther alikuwa mtawa na mwalimu katika mji wa Wittenberg. Mwaka 1517 alipinga uuzaji wa hati za msamaha, ambazo watu masikini walizinunua wakidhani zitawapunguzia adhabu ya madhambi. Mwaka 1521 aliitwa mbele ya mfalme mkuu katika mji wa Worms ayakane maneno yake, akakataa. Mwaka 1522 alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani, na mwaka 1534 Biblia nzima. Anayeijua hadithi ya Adi bin Hatim, Mnasara aliyesilimu, hataona jambo hili kuwa geni. Mtume alimfahamisha kuwa kuwafuata wakuu wa dini wanapohalalisha haramu na kuharamisha halali ndiyo kuwaabudu. Katika hilo Luther alishika uzi wa kweli, ingawa katika Utatu alibaki alipokuwa, nasi hatumfuati huko.

Uzi ule ulifika kwetu. Mwaka 1844 aliingia Mombasa Ludwig Krapf, Mjerumani aliyelelewa katika kanisa la Kilutheri. Mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, wala hakurudi kwao. Alikaa Rabai, akajifunza Kiswahili, na mwaka 1849 akafika Kitui, akapokewa na Kivoi, mkubwa wa Wakamba. Mwaka 1850 ilipigwa chapa Injili ya Marko aliyoifasiri kwa Kikamba. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott aliweka kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui, katika nchi ile ile ya Makueni. Alikufa mwaka uliofuata, hajatimiza miaka 30. Na John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuwa Waafrika walimjua Mungu kabla ya kufikiwa na wamishenari. Mwaka 2014, hali ni mzee, alitoa Agano Jipya la Kikamba alilolifasiri mwenyewe kutoka Kigiriki. Alifariki mwaka 2019.

Sisi je, tulifanya nini? Qurani ya kwanza kupigwa chapa nzima kwa Kiswahili, mwaka 1923, ilifasiriwa na kasisi, Godfrey Dale, ambaye hakuikusudia kuwa hoja yetu bali hoja juu yetu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeandika Sahifa na Al-Islah pale Mombasa, alifariki mwaka 1947 akiacha tafsiri ambayo hakuwahi kuimaliza. Ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ilitoka kamili mwaka 1969. Tulikuwa na wanazuoni na wino tangu karne nyingi. Kilichotuchelewesha, kwa sehemu kubwa, ni khofu ya kuwapa watu wa kawaida ufunguo.

Atasema msomaji: "Khofu hiyo ina haki. Waprotestanti walipofunguliwa kitabu walitengana makanisa yasiyohesabika. Je, wataka kila mwenye duka awe mufti?" Hoja hii ni nzito, wala haifai kuchekwa. Lakini kufahamu ni jambo moja na kutoa fatwa ni jambo jingine. Mgonjwa anayeelezwa dawa yake haigeuki kuwa tabibu, bali hunywa akijua anywacho. Sala itabaki kwa Kiarabu, na tafsiri haiwi Qurani. Tunalolitaka ni kwamba anayesoma Fatiha mara kumi na saba kila siku ajue anamwomba Mola wake nini. Na ujinga nao haukuwahi kuwaunganisha watu. Mangapi tumegombania misikitini mwetu, na wagombanao hawajui hata aya wanayoitaja!

Walakini katika habari za watu hawa mna onyo lililo kali kuliko somo lao, nalo latuhusu sisi tujiitao watengenezaji. Luther aliyedai haki ya kusema, mwaka 1525 aliwaandikia watawala wawapige bila huruma wakulima walioasi, na mwaka 1543 akaandika juu ya Mayahudi maneno ya kuchomewa masinagogi yao. Mwaka 1553 Michael Servetus, aliyeukana Utatu, alichomwa moto akiwa hai mjini Geneva. John Calvin alisaidia kumshitaki na kuridhia auawe. Huyu Calvin mwenyewe alikuwa ameikimbia Ufaransa kwa ajili ya dini yake! Akatokea mwanazuoni mwenzao, Sebastian Castellio, akapinga kwa maandishi kuuawa watu kwa sababu ya itikadi. Na huko Ukambani, mwaka 1945, Wakamba waliochoka kuongozwa na wageni walianzisha kanisa lao, African Brotherhood Church. Wanafunzi waliwarudishia waalimu somo lao wenyewe.

Basi mtihani wa mwenye kutengeneza dini huja siku anapopewa mimbari, na mbele yake akasimama mtu mwenye swali. Nami nakiri mbele yenu. Miaka michache nyuma kijana mmoja aliniuliza darasani dalili ya jambo nililolisema. Nilikuwa sina dalili mkononi, nikamkemea kwa kukosa adabu mbele ya wenziwe. Hakurudi tena. Mimi niliyetumia miaka nikiwalaumu wanaofuata bila dalili, nilitaka nifuatwe bila dalili. Kule dukani Nunguni, mtoto aliponyamaza, nilimkumbuka kijana yule, na ghadhabu yangu ikageuka haya.

Nikamwambia mzee: "Katika Mwenyezi Mungu na Nabii Isa hatukubaliani, wala sitakuficha. Lakini katika neno la mtoto huyu umesema kweli, na kosa ni letu." Akacheka kidogo, akasema: "Sheikh, kwetu pia wako wanaobeba kitabu kila Jumapili bila kukifungua." Usiku ule jamaa yangu alimwita mwanawe, tukaanza na Suratul Asri, aya tatu tu, neno kwa neno. Mtoto akauliza maswali manne. Mawili nilimjibu, na mawili nikamwambia nitatafuta.

Ndugu zangu, jibu langu ni hili: kweli hupokewa popote itokapo, na anayeipokea hudaiwa kuitumia kwanza juu ya nafsi yake. Kijana yule nimemtafuta, nikamtaka radhi. Nawe tazama ni nani uliyemfungia mlango, umfungulie kabla jirani hajakuuliza.

Mwenyezi Mungu atuongoze kwenye haki na atupe nguvu za kuifuata. Amin.