Wafiwa Wawili, Kaburi Moja

Msomaji mpenzi, kama kwenu ni Migori au Homa Bay, bila shaka umepata kuhudhuria matanga. Umewaona watu wakilia pamoja asubuhi, na jioni wakitazamana kwa macho makali kwa sababu ya shamba la miwa au ng'ombe wachache. Je, machozi ya asubuhi yalikuwa ya uongo? Nataka tulitafakari swali hilo, na mfano wetu tutautwaa katika riwaya ya Margaret Ogola, The River and the Source, iliyotolewa mwaka 1994, ambayo vijana wengi wa Kenya wameisoma shuleni kwa ajili ya mtihani.

Mambo yake yaanzia Yimbo na Sakwa, ng'ambo ya ghuba ukiwa umesimama Homa Bay. (Sakwa hiyo si ile ya Awendo, katika Migori, ingawa jina ni moja.) Akoko, binti wa chifu, aliolewa na Owuor Kembo, chifu wa Sakwa, kwa mahari ya ng'ombe 30. Owuor alimpenda hata akakataa kuoa mke wa pili, na hapo ndipo manung'uniko ya wakwe yalipoanza. Basi upendo, ambao sisi huusifu bila kuuliza neno, ulikuwa umekwisha kuleta uadui nyumbani kabla mauti hayajafika.

Kisha misiba ikafuatana. Obura, mwana wa kwanza, alikufa katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Owuor naye akafariki. Na Owang' Sino, aliyerithi kiti, akasakamwa na mwiba wa samaki akafa. Mrithi aliyebaki alikuwa mtoto mchanga. Otieno, nduguye Owuor, akakishika kiti kwa niaba ya mtoto, halafu akajifanya mwenyewe, wa kiti na wa mali.

Wasomaji wengi humhukumu Otieno upesi, wakasema hakuwa na huzuni. Mimi siafiki. Yeye naye alifiwa, na huenda alilia kweli. Kosa lake ni kuifanya huzuni kuwa haki ya kumiliki: marehemu alikuwa wetu, basi alivyoviacha ni vyangu. Mtu aweza kusema hivyo pasipo unafiki wowote, na kwa sababu hiyo ni vigumu kumrudi.

Akoko alikuwa na majonzi makubwa zaidi, lakini hakuyatanguliza. Alitanguliza haki ya mjukuu. Alifunga safari ndefu mpaka Kisumu, akamshtaki shemeji yake mbele ya afisa wa serikali ya kikoloni, akapata haki. Hapa, msomaji, pana ugumu. Twafundishwa kwamba mambo ya nyumba hayatolewi nje. Naye aliyatoa kwa mgeni, tena mgeni aliyeitawala nchi kwa nguvu. Aliyemwomba mgeni aamue juu ya kiti alikubali kwamba mgeni ni mkubwa kuliko kiti. Hiyo ilikuwa gharama, wala tusiifiche. Hata hivyo angekwenda wapi? Mshtakiwa ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Mjukuu yule alipokua hakukitaka kiti, akawa padri. Wako watakaosema kwamba safari ya Kisumu ilikuwa bure. Nadhani wamesahau kwamba kuacha kitu chako si sawa na kunyang'anywa.

Siku hizi mjane hana haja ya kwenda Kisumu. Migori na Homa Bay zina mahakama zake. Sheria ya Urithi yatumika tangu 1981, na sheria ya mwaka 2015 yahesabu kumrithi mjane kwa nguvu kuwa ni ukatili wa nyumbani. Lakini aendapo huko bado huambiwa kwamba ameiaibisha nyumba. Nao mashemeji, ukiwauliza, watakuambia kwa unyofu kwamba walimpenda marehemu. Waamini, kisha waulize ng'ombe wako wapi.