Vitamini D Imeze, Lakini Kliniki Nenda

Dada yangu, kama miezi miwili imepita hujaona siku zako na kipimo cha mimba bado kinakuonyesha mstari mmoja, nakuandikia wewe. Nakuandikia wewe mwenye chunusi za kidevuni zisizosikia sabuni, unayenyoa ndevu bafuni kabla nyumba haijaamka, uliyeambiwa na wifi kwamba kizazi chako kimefunga. Hakijafunga! Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana hali hii ambayo kliniki huiita PCOS, na hadi 70 katika kila 100 wenye nayo hawajijui. Hukurogwa, wala hulipi dhambi za ujana.

Vile vifuko vidogo vinavyoonekana kwenye altrasaundi ya wenye PCOS si uvimbe wa kupasuliwa. Ni vijumba vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani, kwa kuwa homoni zimevurugika: za kiume zimezidi na, kwa wengi wetu, insulini nayo imepanda. Mayai unayo. Kinachokosekana ni yai moja kupevuka na kutoka kwa wakati wake, na hilo lina tiba.

Sasa nije kwenye kichupa cha vitamini D ulichokiweka kwenye mkoba baada ya shoga yako kukuapia kwamba ndicho kilichompa mtoto. Sikuambii ukitupe. Nataka ujue kinafanya nini na wapi kinaishia, maana nimechoka kuona wanawake wakiuziwa matumaini kwenye vidonge huku umri ukiwatupa mkono.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi yako ikipigwa na jua. Mwaka 2012 yalichapishwa majibu ya damu za Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao hapa Tanzania, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati madaktari wengi huanza kuhesabu upungufu chini ya 50. Hao wanashinda nje. Wewe unapanda daladala alfajiri, unakaa ofisini au dukani mpaka jua lizame, na pengine umejisitiri kwa buibui. Ngozi nyeusi nayo hutaka jua la muda mrefu zaidi, na mwili wenye mafuta mengi huifungia vitamini hii ndani, isizunguke kwenye damu inavyotakiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi Temeke, jua likiwaka mwaka mzima, na akapungukiwa. Aliye Uingereza ndiyo kabisa: serikali ya huko huwashauri watu wenye ngozi nyeusi, na wanaojifunika, wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Je, inaleta mtoto? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 uliwaangalia wanawake wa Marekani wenye PCOS waliokuwa wakipewa dawa za kupevusha mayai. Waliopungukiwa vitamini D hawakupevusha mayai kama wenzao, na waliojifungua miongoni mwao walikuwa wachache. Habari hiyo ilisambaa, na wenye maduka wakaichangamkia. Lakini kupungukiwa ni jambo moja, na kuongezewa kukabadilisha matokeo ni jambo jingine. Huko Italia, wanawake waliokuwa na kiwango cha chini wakijiandaa kupandikizwa mimba waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walimezeshwa yuniti 600,000 kwa mkupuo, wengine dawa isiyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2021: waliopewa vitamini walishika mimba 37 katika kila 100, waliopewa dawa tupu 40. Hawakuwa wanawake wa PCOS peke yao, na hata hivyo somo lake linatuhusu: usiweke miaka yako rehani kwa kichupa.

Basi pima. Ukiwa chini, jaza pengo kwa ajili ya mifupa yako na ujauzito unaoutarajia. Kula vibua, dagaa, kiini cha yai, na utoke nje juani. Mtu mzima hutosheka na yuniti 600 hivi kwa siku, na bila daktari usivuke 4,000. Soma lebo kabla hujafungua, kwa sababu vipo vidonge vya yuniti 50,000 vinavyotakiwa kumezwa mara moja kwa wiki, na mtu akivimeza kila siku kalsiamu hupanda kwenye damu, akatapika na kuumiza figo. Na usisahau asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya mimba. Hiyo ushahidi wake hauna ubishi: humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Halafu nenda kliniki. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na kwako wewe usemi huu ni wa kuchukuliwa neno kwa neno. Chukua daftari, andika tarehe za hedhi zako zote unazozikumbuka. Ukiona zinapishana kwa zaidi ya siku 35, au hazifiki nane kwa mwaka, hilo ndilo la kwanza kumwambia daktari. Muulize kuhusu letrozoli, dawa ya kupevusha yai. Kwa kawaida humezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Hushusha estrojeni kwa muda, ubongo ukashtuka na kutuma homoni ya kulisukuma yai. Mfamasia akikuambia ni dawa ya saratani ya matiti, usikimbie. Ni kweli ilianzia huko. Mwaka 2014, katika utafiti wa wanawake 750 wenye PCOS nchini Marekani, waliotumia letrozoli walijifungua 27.5 katika kila 100, na waliotumia klomifeni, dawa nyingine ya kupevusha mayai, 19.1. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaitaja kuwa dawa ya kuanza nayo kwa mwanamke ambaye tatizo lake ni yai kutopevuka. Ukilinganisha na vile vifurushi vya kusafisha kizazi vinavyokumalizia mshahara, hapa unanunua kitu kilichopimwa.

Na usiende peke yako. Tatizo la uzazi mara nyingi huwa kwa mwanamume pia, na kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote utakavyofanyiwa wewe. Mwambie mumeo leo jioni, tena mbele ya mama mkwe kama ndiye anayeuliza mjukuu yuko wapi: Jumatatu tunakwenda wote, na vipimo tunafanya wote.