Hukumu ya Najisi na Haki ya Mbwa wa Njiani

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, mbwa huhesabiwa kuwa najisi mughaladha, yaani najisi nzito, ambayo kilichoguswa nayo penye unyevu hakitwahariki mpaka kioshwe mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa kisingizio cha hukumu hiyo watu wengi humtimua kwa mawe mbwa wasiyemjua, na watoto hukua wakidhani kwamba jiwe lenyewe ni sehemu ya dini.

Hata hivyo, fiqhi, yaani elimu ya sheria za ibada na maisha, huijadili najisi katika mlango wa twahara, wala si katika mlango wa makosa. Damu ya binadamu nayo ni najisi, lakini hakuna aliyewahi kumpiga mtu mawe kwa kuwa anayo mwilini. Wanazuoni wa Kimaliki, ambao kwao kila mnyama aliye hai ni twahara, huhesabu uoshaji wa chombo alichoramba mbwa kuwa ni ibada tu. Aidha, katika hadithi mashuhuri, mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, yaani kiatu laini cha ngozi, akapanda ameishika kwa meno ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, alisamehewa dhambi zake. Simulizi haikusimama kuuliza habari za khofu ile.

Ikumbukwe pia kwamba najisi haihami pale pande zote mbili zinapokuwa kavu. Anayekwenda kuswali alfajiri, miguu ikiwa bado na maji ya udhu, ana haki ya kujihadhari, lakini kujihadhari si kukimbia, kwa sababu mbio humwamsha mbwa afukuze. Wala si kuinama kutafuta jiwe, ishara ambayo mbwa koko huijua vyema na huweza kuijibu kwa meno. Inatosha asimame, ageuze ubavu, ashushe mikono, asimkodolee macho, kisha ajiondoe taratibu mbwa akishatulia. Mbwa anayekula au anayenyonyesha asikaribiwe kabisa, kwani hapo yeye ndiye mwenye haki ya kulinda.

Akiuma, suala huhamia kwenye hifadhi ya nafsi, mojawapo ya makusudio makuu ya sheria, kwa kuwa kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza, huua karibu kila aliyepatwa nacho. Jeraha huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi hupelekwa hospitali kuchanjwa. Na anayetaka kulipaka udongo kwa ajili ya twahara azuiwe, kwa kanuni ya mafaqihi wenyewe kwamba madhara hayana budi kuondolewa.