Mto Usio na Maji
Anayetembea kandokando ya mto Tiva huko Kitui, au Thwake kule Makueni, wakati wa kiangazi huona mchanga mtupu unaochoma nyayo. Je, huo bado ni mto? Anayeshikilia kwamba mto ni maji yapitayo hana budi kukubali kuwa kwa miezi mingi Tiva haupo kabisa, jambo ambalo hakuna Mkamba, mwenyeji wa huko, atakayelimeza. Chimba shimo mchangani: kwanza unyevu, kisha maji yanajikusanya polepole, yanatekwa kwa kata. Utasema hayo ni maji ya ardhini tu. Sawa, lakini yameletwa na mafuriko ya mto na kuhifadhiwa na mchanga wake. Kuwapo hakuhitaji kuonekana. Wakamba waliomwomba Mulungu, Mungu wao asiyeonekana, chini ya mikuyu walilijua hilo. Na kwa kuwa mchanga ndio ghala la maji hayo, lori linaloondoka na mchanga wa Thwake limebeba na maji yake.