Mjibuni Anayewaletea Habari

Wanangu mnaopokea kazi ya ufuatiliaji wa magonjwa, nisikilizeni. Haya nimeyasema sana, na nitayasema tena.

Mwaka 2000 wizara za afya za Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha mtandao wa kupashana habari za maradhi, EAIDSNet. Rwanda na Burundi zikajiunga baadaye. Taasisi ya Rockefeller ilisaidia fedha za mwanzo. Wazo lilikuwa jema, na bado ni jema. Tatizo huja mradi unapofungwa: kompyuta hubaki mezani, aliyezijua huhamishwa, na bajeti haina fungu la intaneti wala la mafuta ya kwenda kwenye kikao cha mpakani. Kisha huja mfadhili mwingine na mfumo wake, usiosomana na ule wa kwanza. Yule muuguzi aliye peke yake zahanati anaandika habari ileile kwenye rejista, kwenye fomu na kwenye simu, huku foleni ya wagonjwa ikimngoja. Akichelewa, msimgombeze.

Mjibuni. Hilo ndilo ninalowaomba kuliko yote. Mtu akituma ripoti kila wiki, mwaka hadi mwaka, asisikie hata ahsante, mwishowe ataandika sifuri bila kufungua rejista. Na sifuri hiyo itapanda kutoka wilayani hadi wizarani, wakubwa waamini kuna usalama.

Nchi nazo ni vivyo hivyo. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliutangazia ulimwengu aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, mapema, kwa uwazi; malipo yao yakawa kufungiwa safari za ndege ndani ya siku chache. Jirani akiwaambia ana homa asiyoielewa, msianze na geti. Mwulizeni anahitaji nini: vifaa vya sampuli, maabara, watu?

Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa Kagera, kwa mara ya kwanza Tanzania. Pale Mutukula, mpakani na Uganda, watu huvuka kwenda sokoni, kuzika, kusalimia wakwe. Barua ya kupita makao makuu mawili haiwezi kuwawahi.

Basi nyinyi wa Missenyi, wiki hii pigieni simu wenzenu wa Kyotera, ng'ambo ya mpaka. Waulizeni wameona nini, hata kama ni surua ya watoto wawili tu. Na kwenye orodha ya simu futeni namba za sisi tuliostaafu, muandike za walio kazini.