Mgeni wa Masika Chini ya Mwembe

Mjukuu wangu, hebu weka hiyo manati chini. Na simu pia, kwanza. Haya nilishamwambia baba yako, nikawaambia ami zako, sasa zamu yako. Nikichoka nitapumzika katikati, lakini utanisikiliza.

Ndege usiyemjua akitua uani, usimkimbilie. Huyo anayerukaruka chini ya mwembe, akipekua majani makavu kwa mdomo, si shore wala si tetere. Mtazame vizuri. Mgongo wa kijani, koo jeupe, chini ya tumbo wekundu mtupu. Kichwa cheusi, na juu ya jicho mstari wa rangi ya mchanga. Bawani ana vidoa vya samawati. Mkia mfupi, miguu mirefu. Huyo ni pitta wa Afrika. Wako watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta, wakarudi bila kumwona, nawe unamwokotea jiwe!

Hawa huzaliana kusini, kuanzia Tanzania hadi Msumbiji na Zimbabwe, mvua za huko zinapoanza. Zikikatika, hushika njia ya kaskazini. Kuanzia Aprili baadhi yao hufika pwani yetu, wakakaa kwenye misitu ya Gede na Arabuko-Sokoke. Husafiri usiku. Kiumbe cha sentimita 20 hivi kinaruka gizani, kinaona taa zetu za barazani, kinapotea, kinagonga dirisha. Ndiyo maana asubuhi hukutwa amezubaa, hata mtu humwokota kwa mkono. Hakuja kucheza nawe. Amechoka, na uchovu mimi naujua.

Ukimkuta ameanguka, mtie kwenye boksi lenye matundu, ulifunike, uliweke kivulini pasipo na kelele. Usimmiminie maji mdomoni, atapaliwa. Wali usimpe, chakula chake ni mchwa, sisimizi, konokono. Akisimama imara, mwachie penye kichaka, maana uwanjani kunguru watamvamia. Hao kunguru nao ni wageni, waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na adabu ya ugeni hawajajifunza mpaka leo. Paka umfungie ndani.

Picha piga, ukiwa mbali. Usiite mtaa mzima. Andika tarehe na mahali, uwapelekee A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi pale Watamu. Kazi yao ni hiyo, watafurahi.

Na usiku uzime taa ya nje. Miaka yote hii ulidhani nalalamikia bili tu.