Mafundo Thelathini

Babu yangu hakujua kusoma, lakini hakuna karani aliyemdhulumu mara mbili. Alikwenda manamba akiwa kijana, miaka ya 1940, wakati Urundi iko chini ya Wabelgiji na kodi ya kichwa inamwandama kila mwanamume mwenye nguvu. Waliotaka kuikimbia kodi na kiboko walikuwa na njia mbili kubwa: Buganda, kwenye pamba na kahawa, au Tanganyika, kwenye mkonge. Yeye alichagua mkonge. Huko alipewa namba, na hiyo ndiyo asili ya neno lenyewe: manamba, watu wa namba. Alipewa pia kipande, kadi yenye vyumba vidogo thelathini. Kila siku ya kazi chumba kimoja kilitiwa alama. Vikijaa vyote, ndipo unalipwa. Siku uliyougua haikuhesabiwa. Siku nyapara aliyosema matita yako hayakutimia, nayo ilipotea hivyohivyo pamoja na jasho lake.

Mwezi wa kwanza karani alimwambia zimebaki siku nne. Babu alijua amemaliza, ila angesema nini? Kadi ilikuwa mkononi mwa mwenye kusoma. Mwezi wa pili alisokota uzi wa mkonge, akawa anapiga fundo moja kila jioni anaporudi kambini. Karani aliposema tena zimebaki, babu akautoa ule uzi, akamwomba nyapara ahesabu mafundo mbele ya wenzake. Yalikuwa thelathini. Alilipwa siku hiyohiyo. Uzi huo nimeuona kwa macho yangu, umekuwa mweusi kwa moshi, umening'inia juu ya mlango wake mpaka alipofariki.

Namkumbuka kila ninapowaona vijana wetu wa Buterere, hapa Bujumbura, na bahasha zao za vyeti.

Kwetu ndege haipiti angani, inapita kichwani. Inashuka kuelekea uwanja ambao tangu 2019 unaitwa Melchior Ndadaye, mabati yanatetemeka, na watu wanakatiza mazungumzo mpaka ipite. Wapo watoto hapa wanaoitambua ya Addis Ababa na ya Nairobi kwa mlio tu. Upande wa pili kuna dampo la mji mzima, ambako akina mama wanachambua chupa na vyuma. Kuna pia mabwawa ya kusafishia maji machafu, na harufu ambayo mgeni huitaja na mwenyeji huona haya kuitaja. Kila kinachotupwa Bujumbura kinatufikia, na wengi wanaoondoka Burundi kwa ndege wanapita juu yetu. Kijana anasoma katikati ya hivyo viwili. Anamaliza chuo, anavaa joho, anapigwa picha, diploma inatiwa kwenye plastiki ili unyevu wa mvua usiiharibu, kisha anakaa. Mwaka unapita, wa pili unapita. Mwenye ualimu anauza vocha, mwenye uhasibu anamsaidia mjomba wake kupima mchele. Usishangae akianza kuitazama ile ndege kwa jicho jingine.

Wazee hawakuwahi kukataza safari. Kirundi kinasema: akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze. Kidege kisichoruka hakijui mavuno yameiva wapi. Nimeusikia msemo huo ukitumiwa na wazazi kuwabariki wasafiri, na nimeusikia pia ukitumiwa na makomisyoneri, madalali wa kazi za nje, kuwashawishi watu. Wa pili wanaukata. Hawasemi kwamba kidege kinaruka kwa mbawa zake na kutazama kwa macho yake, wala hakimpi mtu mbawa zake akishikie.

Binti wa jirani yangu alimaliza uuguzi. Ni mtoto niliyemwona akibebwa mgongoni, kwa hiyo yaliyomtokea nayasema kwa idhini yake. Komisyoneri mmoja alimwambia kuna hospitali Ghuba inatafuta wauguzi, viza iko tayari, kilichobaki ni gharama ndogondogo. Hizo ndogondogo zilimtaka auze kipande cha kiwanja alichoachiwa na mama yake. Ilikuwa baada ya Oktoba 2021, Burundi ilipotiliana saini na Saudi Arabia makubaliano ya kupeleka wafanyakazi, na mji mzima ulikuwa unaimba Ghuba. Makubaliano ya serikali ni jambo moja. Komisyoneri anayesimama kivulini mwa makubaliano hayo ni jambo jingine, na mwenye njaa ya kazi hana muda wa kuwatenganisha.

Viza ilikuja kwenye simu, imejaa Kiarabu. Baba yake hakubishana naye. Alisema tu, "Kwanza tumwite maalimu."

Maalimu wetu hajawahi kupanda ndege, na sheria za kazi hazijui. Alivaa miwani yake yenye mkono uliofungwa kwa uzi, akasoma polepole kama anavyowasomea watoto wa madrasa. Aamila: mfanyakazi, wa kike. Manziliyya. Akatulia hapo. "Manzili ni nyumba," alisema. "Mwanangu, humu hukuandikwa muuguzi. Umeandikwa mtumishi wa nyumbani."

Lililoniuma ni kwamba binti mwenyewe alikuwa anazijua herufi zile. Alihitimu Kur'ani akiwa na miaka kumi na miwili, kwa fimbo ya maalimu huyohuyo. Alikuwa ameitazama karatasi ile mara mia, lakini alikuwa akiitazama picha yake.

Nisieleweke vibaya. Kazi ya ndani si aibu, na zipo nyumba Buterere zilizoezekwa mabati kwa fedha za kazi hiyo. Lakini neno moja kwenye viza linamtoa mtu kwenye sheria moja na kumtia kwenye nyingine. Saudi Arabia ilipolegeza utaratibu wa kafala mwezi Machi 2021, ikawaruhusu wafanyakazi wa makampuni kubadili mwajiri kwa masharti fulani, watumishi wa nyumbani hawakuwemo. Kwa hiyo yule binti angefika na diploma yake kwenye sanduku, na sheria ya pale isingeiona. Ingeona neno manzili. Babu yangu angalau alijua kwamba ameandikwa namba.

Hapo ndipo ninapowauliza vijana swali ambalo wengine wanaliona la kizee: umeandikwa nani? Sikuulizi unakwenda nchi gani. Hilo tumekwisha kulisikia, umelitangaza mpaka kwenye Hiace.

Tazameni tunavyofunga ndoa. Haifungwi bila walii na mashahidi wawili, na mahari hutajwa kwa sauti. Hata kama bwana harusi ni mtoto wa imamu, hakuna anayesema tuache kutaja, tunaaminiana. Jirani zetu Wakristo nao wana utaratibu wao wa posa: kila upande una msemaji wake, maneno yanasemwa mbele ya ukoo, na atakayeyageuza kesho ana watu wa kumkumbusha. Sasa iweje mkataba wa miaka miwili, wenye mshahara, saa za kazi na pasipoti ndani yake, usainiwe na msichana peke yake, usiku, kwenye simu, na walii wake awe komisyoneri anayelipwa na upande wa pili?

Vijana hujibu kwamba ukiwaambia watu safari yako, utaharibiwa. Kuna husuda, kuna jicho. Siwacheki. Husuda ipo Buterere kama mbu walivyopo. Lakini siri ni soko zuri la matapeli, na wao ndio wa kwanza kukushauri usimwambie mtu. Mzee mmoja mwenye kujua herufi chache, shangazi aliyewahi kuishi Muscat, kijana aliyerudi mikono mitupu: wakiketi hawa watatu kwenye mkeka mmoja, mkataba mbaya haumalizi kusomwa.

Kuhusu kiwanja, Waswahili walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka wako uliochakaa, msala ni ule mzuri wa mpita njia. Kiwanja cha Buterere kinajaa maji kila masika, ndiyo, ni mbacha hasa. Lakini ni chako, na mwajiri wa kweli anayemtaka muuguzi hana haja ya kukufanya ukiuze.

Tuliona pia safari ya Serbia. Mwaka 2018 ilitusamehe viza, muda mfupi baada ya Burundi kuondoa utambuzi wake kwa Kosovo. Siasa za watu wa mbali zikageuka mlango kwa watu wa Bujumbura. Wahitimu wetu walipanda ndege mpaka Belgrade, kisha wengi wakashika njia kwa miguu, misitu na mipaka, wakiitafuta Ubelgiji. Oktoba 2022 mlango ukafungwa. Waliofika siwahukumu, wengine walikuwa na sababu ambazo haziandikwi gazetini. Ninachokumbuka ni mwalimu mmoja wa fizikia aliyenipigia simu kutoka huko na kuniambia kwamba katika kila kituo alichopita, hakuna aliyemuuliza amesomea nini. Waliuliza nambari ya alama za vidole vyake kwenye kompyuta. Nilikaa na simu ile mkononi muda mrefu.

Kwa anayetaka kwenda na taaluma yake, njia ipo, na ni ya polepole, ya kuchosha, isiyo na hadithi nzuri ya kusimulia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi Julai 2010, na watu wengi waliielewa kama ruhusa ya kupanda basi na kuajiriwa. Sivyo. Kila nchi iliandika ni kazi zipi imezifungua, na taaluma zinatambuana kupitia bodi zao, si kupitia uzuri wa muhuri wa chuo. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walisaini kutambuana mwaka 2012. Sisi siku ile hatukuwemo. Kwa hiyo mhandisi wa Burundi anayekwenda Dar es Salaam anapaswa kubisha hodi kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na muuguzi kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Shahada ya nje inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kibali cha kazi ni juu ya mwajiri kukiomba, kwa sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, kabla hujaanza kazi. Mwajiri akikuambia njoo kwanza, kibali tutakitafuta ukiwa hapa, huyo ameshakuambia mengi.

Kwa nchi za mbali, Burundi imo katika Mkataba wa Apostili tangu 2015, na Kanada imeingia Januari 2024. Maana yake muhuri mmoja unatosha kuthibitisha kwamba saini iliyo kwenye diploma yako ni ya kweli, badala ya kuzunguka balozi. Hapo wengi wanateleza. Muhuri unasema saini ya karatasi ni ya kweli. Hausemi kwamba wewe ni muuguzi Quebec. Hilo linasemwa na chama cha wauguzi wa huko, kwa tathmini, mafunzo ya ziada na mtihani, na huenda likachukua muda mrefu kuliko subira ya wajomba waliokuchangia.

Kuna jambo moja ambalo vijana wetu hawaliandiki kwenye barua zao za maombi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huu tumezoea kuusikia kwa upande wa mwenyeji, kama kejeli kidogo kwa mgeni mvivu. Usikie kwa upande wa msafiri: siku ya tatu nitashika jembe gani? Msichana wa Buterere anazungumza Kirundi nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani. Anadhani hizo ni kelele za mtaa. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kigoma, kwa miaka mingi kumekuwa na wakimbizi wa Burundi na wa Kongo kwenye kambi ya Nyarugusu. Daktari anayejua Kiingereza na Kiswahili peke yake, akimkuta bibi wa Kirundi mwenye maumivu, anabaki kuonyeshwa tumbo kwa kidole. Muuguzi anayejua lugha zote tatu ana jembe ambalo halimo kwenye diploma yake.

Jirani yangu aliliona hilo kabla yangu. Komisyoneri alipigiwa simu, akajibiwa kwa maneno machache, kiwanja kikabaki na maji yake. Binti alijitolea mwaka mzima kwenye kituo cha afya, akapeleka vyeti vyake kutafsiriwa, akaandika barua nyingi, nyingi zikapotea kimya. Wiki iliyopita mkataba ulikuja kutoka zahanati moja ya Kigoma. Kwa Kiswahili, kurasa tano.

Tuliketi barazani: baba yake, bibi yake, maalimu aliyekuja bila kuitwa, na mimi. Binti alisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Kazi: muuguzi. Maalimu akatikisa kichwa kidogo. Mshahara, likizo, nyumba. Alipofika kwenye kipengele cha kuvunja mkataba, ndege ya jioni ikashuka juu yetu, mabati yakalia, tukanyamaza sote tukisubiri ipite.

Ikapita. Bibi, aliyedhaniwa kasinzia, akavuta kanga begani.

"Rudia hapo penye siku thelathini," alisema. "Sikusikia nani anampa nani."